Delta ya Rufiji hailindwi kwa kuhesabu miti

Wilayani Kibiti, mkoani Pwani, kuna nchi ambayo sura yake hubadilika mara nne kila siku. Maji yakijaa, bahari huingia ndani kupitia vijito visivyo na idadi, hunyanyua mitumbwi iliyokuwa imelala topeni na kufunika mizizi ya miti hadi shinani. Maji yakipwa, vijito vilevile hugeuka mifereji ya tope, watoto hushuka kuokota kaa, na anayetaka kuvuka kwenda kisiwa cha pili hana budi kusubiri. Ratiba ya shule, ya zahanati, ya soko na ya maziko hupangwa kwa kutazama maji.

Hii ni delta ya Rufiji, mahali ambapo mto mkubwa kuliko yote unaoanzia na kuishia ndani ya mipaka ya Tanzania hugawanyika matawi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, ukitazamana na Kisiwa cha Mafia. Delta hiyo imelala kando ya pwani kwa karibu kilomita 70 na kuingia bara kwa zaidi ya kilomita 20. Ndani yake umo msitu wa mikoko ambao upimaji wa mwishoni mwa miaka ya 1980 uliukuta na ukubwa wa hekta zipatazo 53,000, karibu nusu ya mikoko yote iliyohesabiwa Tanzania Bara wakati huo. Hakuna msitu mmoja wa mikoko ulio mkubwa kuliko huo katika Afrika Mashariki.

Kwa zaidi ya karne moja tumekuwa tukiulinda msitu huo kwa sheria za miti: nani akate, nani asikate, nani akamatwe. Miti imeendelea kupungua. Sababu ni kwamba delta ni zaidi ya msitu. Ni mapatano kati ya maji ya mto, maji ya bahari, tope na watu wanaoishi juu ya tope hilo. Anayelinda kimoja na kuviacha vingine atapoteza vyote.

Maji mawili, tope moja

Kuielewa delta kunaanzia mbali nayo, kwenye milima ya Udzungwa na nyanda za juu kusini. Bonde la Rufiji huchukua takriban moja ya tano ya ardhi ya Tanzania Bara. Mto Kilombero huchangia karibu asilimia 62 ya maji yake, Luwegu asilimia 18 na Ruaha Mkuu asilimia 15. Maji hayo huja na udongo kutoka kote yalikopita. Makadirio ya wataalamu yanaonyesha kwamba kabla ya mto kuzuiwa, tope lililofika chini lilizidi tani milioni 15 kwa mwaka.

Tope hilo ndilo lililoijenga delta. Mto unapokaribia bahari mwendo wake hupungua, na udongo uliobebwa kwa mamia ya kilomita hutua. Bahari nayo haikubali tope likae litakapo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu, na nguvu hiyo hulisukuma tope ndani, hulirudisha nje na kulitandaza upya. Wakati wa maji mafu bahari hutulia kidogo na tope hupata nafasi ya kushikana. Mkono mmoja hujenga na mwingine hubomoa, na nchi iliyopo ni ile iliyobaki baada ya mivutano hiyo.

Miti hujipanga kwa kufuata chumvi na urefu wa maji, na wenyeji wanaujua mpangilio huo bila kusoma kitabu. Mbele kabisa, uso kwa uso na bahari, husimama mlilana, unaochomoza vijiti vya mizizi juu ya tope ili upumue. Kando ya vijito upo mkoko wenyewe, umesimama juu ya mizizi yake mirefu iliyopinda. Nyuma yake, penye ardhi iliyoinuka, hukaa msinzi, mkandaa na mchu. Ndani zaidi, ambako maji ya mto huzidi nguvu ya chumvi, humea mkomafi na msikundazi, miti minene yenye kivuli kizito. Ukipanda mtumbwi kutoka mlangoni mwa bahari kwenda juu ya mto, unaweza kukisia kiasi cha chumvi majini kwa kutazama tu miti ya ukingoni.

Tuutazame mkoko kwa karibu. Mbegu yake haianguki ikiwa mbegu. Huchipua ikiwa ingali tawini, ikashuka chini polepole kuwa fimbo ya kijani yenye ncha, ambayo kwa kawaida huwa na urefu wa nusu mkono wa mtu mzima au zaidi. Ikidondoka wakati maji yamekupwa, huweza kuchoma tope na kusimama papo hapo. Ikidondoka maji yamejaa, huelea wiki nyingi ikiwa hai, ikitafuta mahali pa kushika. Mti wa namna hiyo hauhitaji kupandwa na mtu. Unachohitaji ni tope lisilohama kila mara, maji yanayoingia na kutoka kwa wakati wake, na chumvi isiyozidi kipimo. Mambo hayo matatu hayapatikani kwa doria ya msitu. Hutoka mtoni na baharini.

Kitalu cha kamba

Faida ya kwanza ya mapatano haya ya maji na tope huonekana kwenye ndoo za wavuvi. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 80 ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutoka katika maji ya delta ya Rufiji na mbele yake. Kamba mweupe, ambaye ndiye mwingi zaidi, hutaga mayai baharini. Vijidudu vinavyoanguliwa huchukuliwa na mkondo wa maji kujaa hadi ndani ya vijito vya mikoko. Humo hujificha kati ya mizizi ambako samaki wakubwa hawapiti kwa urahisi, hula chembechembe za majani yaliyooza, na kwa miezi michache hukua. Mvua za masika zinapofurisha mto na chumvi inaposhuka ghafla, kamba waliokomaa nusu hutoka kwa wingi kwenda baharini kumalizia ukuaji wao. Mvuvi wa delta anajua kuwa mto ukija na maji mengi, msimu wa kamba nao unakuja.

Kwa miaka mingi meli za kukokota nyavu zilisubiri nje kwa ajili ya msafara huo. Zilipopita, zilichota kamba pamoja na samaki wadogo ambao wengi walirudishwa baharini wakiwa wamekufa, na mara kwa mara zikararua nyavu za wavuvi wadogo. Samaki na kamba walipopungua, mwishoni mwa mwaka 2007 Serikali ilisitisha uvuvi wa kamba wa meli hizo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, nao unatukumbusha kuwa kitalu kinaweza kuwa kizima huku mavuno yakiharibiwa mlangoni.

Kamba si peke yake. Kaa koko, yule mkubwa mwenye magando yanayoweza kuvunja kidole, huchimba mashimo yake topeni, na leo husafirishwa akiwa hai hadi masoko ya Asia. Maji yenye rutuba yanayotoka deltani huelea hadi mkondo wa Mafia, na ni katika mkondo huo, karibu na Kilindoni, ambako kati ya Oktoba na Machi papa potwe huja juu ya maji kula uduvi na dagaa. Watalii wanaolipa kuogelea nao Mafia wanakula, bila kujua, matunda ya mto uliopita Kilombero. Kwenye tope lililoachwa wazi na maji kupwa, vitwitwi kutoka Siberia hushinda wakidonoa minyoo wakati wa baridi ya kwao. Katika majani ya bahari kati ya Rufiji na Mafia wamebaki nguva wachache, mnyama ambaye sehemu nyingine za pwani ya Tanzania hatajwi tena ila na wazee.

Kwa kutambua uzito wa haya yote, Oktoba 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye ukubwa wa karibu hekta 597,000, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1995, Mafia ilikuwa imepata hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Kwenye karatasi, basi, delta na jirani yake wanalindwa vizuri.

Boriti, majahazi na manowari

Historia ya ulinzi huo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na haianzi na ulinzi. Inaanza na biashara. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Oman, Kuwait na Ghuba yalishuka na upepo wa kaskazi, yakapakia boriti na kurudi na upepo wa kusi. Huko kusiko na miti mirefu, boriti za pwani yetu ndizo zilizobeba mapaa. Kwetu pia, katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alifika Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kuchukua shehena hiyo, na akayaandika aliyoyaona kitabuni mwake mwaka uliofuata.

Wajerumani walipotawala waliiona fedha iliyomo. Mwaka 1898 waliifanya mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa hifadhi, miongoni mwa ya kwanza katika koloni lao. Hifadhi hiyo haikuwa na nia ya kuiacha miti isimame. Ilikuwa na nia ya kuiweka chini ya mkono wa serikali, ili boriti na maganda ya kutengenezea ngozi yauzwe kwa leseni yake. Tangu siku hiyo mwanakijiji aliyezaliwa ndani ya msitu akawa mgeni mbele ya sheria ya msitu. Wazo hilo halijaondoka kabisa hadi leo.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilionyesha jinsi delta ilivyo ngumu kwa asiyeijua. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya vijito vya Rufiji ikiwa imefunikwa matawi ya mikoko. Jeshi la majini la Uingereza, lenye nguvu kuliko yote duniani wakati huo, lilihangaika kwa miezi mingi. Meli zake kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo cha maji. Mwisho zililetwa meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikisaidiwa na ndege za kuelekeza mizinga, na Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Biashara ya boriti iliendelea hadi mwaka 1987, Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa mikoko nchi nzima. Miaka michache baadaye ukaandaliwa mpango wa taifa wa kuisimamia. Ukataji wa kuuza nje ulipungua. Lakini shinikizo lilikuwa limeshahamia kwingine.

Siku wanakijiji walipoiokoa delta

Kabla ya kufika huko, lazima litajwe jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Mwishoni mwa mwaka 1997 Serikali iliidhinisha mradi wa kampuni moja uliotaka kufuga kamba ndani ya delta kwa kutumia eneo la maelfu ya hekta. Baraza la Taifa la Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri mradi usikubaliwe. Mabwawa ya namna hiyo yalikuwa yameshaharibu mikoko mingi Asia ya Kusini Mashariki, na yanapougua huachwa wazi, yakiwa na tope lenye dawa na chumvi lisiloota kitu kwa miaka.

Waliosimama dhidi ya mradi walikuwa wakazi wa delta wenyewe. Walikwenda Dar es Salaam kusema, wakafungua kesi Mahakama Kuu wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT, huku waandishi wa chama cha JET wakiandika habari zao. Mradi haukutekelezwa. Watu ambao nyaraka nyingi za uhifadhi huwataja kama tishio kwa mikoko ndio waliouzuia mpango ambao ungeifyeka kwa mkupuo mmoja. Yeyote anayepanga mustakabali wa delta na asianze na ukweli huo anaanza vibaya.

Mpunga mahali pa msikundazi

Ni kweli pia kwamba mkazi huyohuyo anakata mikoko ili alime mpunga. Hilo halifichwi. Picha za satelaiti zinaonyesha kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya hekta za msitu zimegeuka mashamba, hasa upande wa kaskazini. Swali ni kwa nini kaskazini, na jibu liko majini. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970 mto ulihamisha sehemu kubwa ya maji yake kuelekea matawi ya kaskazini. Upande wa kusini ukazidi chumvi. Upande wa kaskazini ukapata maji baridi mengi, na penye maji baridi mpunga huota.

Shamba la mpunga la delta ni kazi ya subira. Mkulima huchagua penye msikundazi, kwa sababu mti huo humwambia kwamba chumvi ni kidogo. Hufyeka miti midogo, huchuna maganda ya ile minene ikauke ikiwa wima, kisha huchoma moto. Masika yakija na mto kuifukuza chumvi, hupandikiza miche kati ya visiki. Kuanzia hapo huhamia shambani na familia yake na kuishi juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambako maji yakijaa hupita chini ya sakafu. Mchana hufukuza ndege, usiku hufukuza nguruwe na viboko. Adui mkubwa kuliko wote ni kaa wadogo wa topeni, wanaokata mche mchanga shinani na kuuburuta shimoni. Usiku mmoja wa kaa wengi unaweza kumrudisha mkulima kwenye kitalu kuanza upya.

Miaka michache ya kwanza shamba hutoa vizuri. Kisha magugu huzidi, kaa huongezeka, rutuba hushuka, na mkulima husogea mbele kufyeka tena. Bandu bandu huisha gogo. Nyuma yake shamba lililoachwa haligeuki msitu haraka, maana majani na mitambaa hufunika tope na kuzuia miche ya mikoko isishike. Kwa hiyo hasara ya mti mmoja huwa ya muda mrefu kuliko mavuno yaliyopatikana.

Serikali imejibu mara kadhaa kwa operesheni za kuwaondoa wakulima. Baada ya kila operesheni watu walirudi, kwa sababu njaa yao haikuondolewa pamoja nao. Bei ya mchele haipungui, bei ya kamba hupandishwa na kushushwa na mnunuzi, na juu ya tope la delta hakuna ardhi nyingine ya kulima. Wakati huohuo, kilimo cha mlau cha bonde lililo juu ya delta, ambacho kwa vizazi vingi kilitumia unyevu ulioachwa na mafuriko kuotesha mahindi na mboga, kinategemea mto kufurika na kupungua kwa majira yake. Mafuriko hayo nayo sasa yanategemea uamuzi wa watu.

Lango jipya la mto

Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ujazaji wa bwawa la Julius Nyerere, katika korongo la Stiegler. Februari 2024 mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme, na mwaka 2025 mitambo yote tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115, ikawa imekamilika. Ukuta wake una urefu unaozidi mita 130 na bwawa linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 za maji, kiasi kinachokaribiana na maji yanayopita katika mto kwa mwaka mzima.

Taifa lilihitaji umeme. Mgawo wa umeme uliwaumiza mafundi, wagonjwa na wenye viwanda vidogo, na hakuna sababu ya kuuzungumzia mradi huu kana kwamba ungeweza kufutwa. Upo. Lakini kuwepo kwake kumeubadilisha mto kwa namna ambayo delta itaihisi kwa miongo mingi. Mto uliokuwa ukifurika masika na kupungua kiangazi sasa hutiririka kwa kufuata mahitaji ya mitambo. Tope lililokuwa likishuka hadi baharini sehemu kubwa hutua nyuma ya ukuta. Wataalamu wa shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, walipoipitia tathmini ya mazingira ya mradi mwaka 2019, walionya kwamba athari za chini ya bwawa hadi deltani hazikuwa zimechunguzwa vya kutosha.

Tunajua kinachotokea mto unaponyimwa mafuriko na tope, kwa sababu wengine wametangulia. Misri ilipouzuia Nile kwa bwawa kuu la Aswan katika miaka ya 1960, samaki wa dagaa mbele ya delta yao walishuka kutoka tani zipatazo 18,000 mwaka 1962 hadi chini ya tani 1,000 mwishoni mwa muongo huo, na ufuko wa Rashid ukazidi kuliwa na bahari. Karibu zaidi na sisi, nchini Msumbiji, Zambezi ulizibwa kwa bwawa la Cahora Bassa mwaka 1974. Tangu hapo watafiti wamehusisha kushuka kwa kamba wa mwambao wa Sofala na kupotea kwa mafuriko ya majira. Kamba wa Sofala na kamba wa Rufiji ni ndugu wa aina moja, wenye desturi moja ya kungoja maji ya masika.

Wapo wanaosema bwawa litaiokoa delta dhidi ya mafuriko mabaya. Wana hoja. Aprili 2024, mvua kubwa zilipofurisha Rufiji na Kibiti na maelfu ya watu kupoteza makazi na mashamba, Serikali ilieleza kuwa bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Wakazi kwa upande wao waliuliza kuhusu maji yaliyofunguliwa. Mjadala huo ulionyesha jambo moja kwa uwazi: anayeshika lango la bwawa ndiye sasa anayeshika mafuriko ya delta, na wanaoishi deltani wanastahili kujua lini lango litafunguliwa na kwa kiasi gani.

Kinachopaswa kufanyika

Sheria ya kuanzia tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mto ubakiziwe maji ya kutosha kwa mahitaji ya watu na ya viumbe. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, ndiyo yenye jukumu hilo. Kinachohitajika ni ratiba ya wazi ya kuachia maji wakati wa masika, kwa kiasi kinachoweza kusukuma chumvi nje ya vijito, kuwapa kamba ishara yao na kulowesha mashamba ya mlau. Kuachia maji kwa mpangilio hakumaanishi kuzima mitambo, kwani maji hayohayo hupita kwanza kwenye mitambo inapokuwa na nafasi. Ratiba hiyo ibandikwe deltani kwenyewe, Nyamisati, Salale, Mbwera na Kiongoroni, kabla maji hayajafika, na isibaki kwenye faili za ofisi.

Pili, tupime. Chumvi katika vijito, tope linalofika, kamba wanaovuliwa na mstari wa ufuko vipimwe kila mwaka kuanzia sasa, kabla mabadiliko hayajazoeleka kuwa hali ya kawaida. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari vilivyopo vijijini, vinavyojulikana kama BMU, vinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa gharama ndogo, maana mvuvi yuko majini kila siku.

Tatu, mkulima wa mpunga apewe mkataba badala ya kiboko. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi shirikishi, ambamo kijiji na Wakala wa Huduma za Misitu hukubaliana mipaka na kugawana wajibu na mapato. Mashamba yaliyokwisha kufunguliwa yatambuliwe na yasaidiwe kutoa zaidi kwa kila ekari, kwa mbegu zinazovumilia chumvi na njia salama za kupambana na kaa. Kwa upande wake kijiji kikubali kuwa hakuna shamba jipya linaloingia msituni. Makubaliano ya namna hiyo huzaa walinzi wengi kuliko askari wowote wanaoweza kuajiriwa.

Nne, upandaji wa mikoko ufuate mti na mahali pake. Kampeni nyingi pwani huchoma mbegu za mkoko kwenye tope tupu la mbele ya bahari, penye asili ya mlilana, kisha picha hupigwa na miche kusombwa. Penye shamba lililoachwa upande wa kaskazini, kazi kubwa zaidi ni kuondoa mitambaa, kufungua njia za maji na kuiacha miti ya karibu iangushe mbegu zake yenyewe.

Tano, thamani ya msitu iwafikie wanaoishi nao. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi za Bahari ya Hindi na Pasifiki na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa hekta moja ya mikoko, pamoja na tope lake, hushika kwa wastani tani zipatazo 1,000 za kaboni, nyingi kuliko misitu mingi ya bara. Biashara ya kaboni sasa inabisha hodi pwani yetu. Ikiingia Rufiji bila mikataba iliyosomwa na kueleweka vijijini, itakuwa leseni ya boriti kwa jina jipya: msitu utauzwa na mwenye msitu atabaki mtazamaji.

Karne moja na robo ya kuhesabu miti imetufundisha mipaka ya njia hiyo. Mkoko hukatwa kwa shoka mchana mmoja, lakini pia huweza kufa taratibu kwa kukosa maji baridi na tope, bila shoka kuguswa na bila mtu wa kukamatwa. Uamuzi wa lini maji yafunguliwe na kwa kiasi gani ufanywe na meza yenye wawakilishi wa delta, na ufanywe kabla masika yajayo hayajaanza. Wizara ya Maji, shirika la umeme TANESCO na Bodi ya Bonde wanaweza kuiita meza hiyo mwaka huu huu, na hatuna sababu yoyote ya kuwasubirisha wavuvi na wakulima wa Rufiji zaidi ya hapo.